"Ganda", "Amri" na "Yambwa": Istilahi za Kuiamuru Kompyuta

Wafasiri wa vitabu vya kompyuta hukutana mara kwa mara na maelezo ya jinsi programu iliyoandikwa kwa lugha ya skripti inavyoweza kulipa ganda amri. Istilahi ya ganda haina taabu. Ganda ni programu inayopokea amri za mtumiaji na kuzifikisha kwenye kiini cha mfumo. Mfaransa Louis Pouzin ndiye aliyeiita hivyo katika miaka ya 1960, na taswira yake yaeleweka kwa yeyote aliyewahi kumenya karanga. "Amri" nayo imekwisha kuzoeleka.

Tatizo lipo kwenye kile kinachotendwa na amri. Wako wanaokiita "hoja". Kwa maoni yetu neno hilo lapotosha, maana hoja ni ya mjadala. Walimu wa sarufi wanalo tayari neno "yambwa", nalo lafaa zaidi: amri ni kitenzi, faili ni yambwa yake.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Tuseme karani katika kata ya Kambarage, mjini Shinyanga, anatunza hesabu za wauza dhahabu. Skripti yake yapaswa kufuta faili la zamani liitwalo "hesabu za Geita". Akiliunganisha jina hilo na amri ya kufuta, yaani rm, kisha akalikabidhi ganda sentensi nzima, ganda hukata penye nafasi na kuona yambwa tatu: "hesabu", "za" na "Geita". Kama lipo faili jingine liitwalo "hesabu" tu, ndilo litakalofutwa, na lile la zamani litabaki. Nasi Waswahili, kwa -a yetu ya uhusiano, majina yetu yamejaa nafasi! Hatari huzidi iwapo jina limeandikwa na mtu wa nje naye akatia nukta-mkato: yanayofuata husomwa kuwa amri mpya.

Tangu toleo la 2.4 la mwaka 2004, lugha ya Python ina moduli inayowezesha amri na yambwa zake kutolewa kama orodha, kila moja mahali pake, bila kupitia kwenye ganda. Hapo "hesabu za Geita" hubaki yambwa moja. Mwongozo usemao tu "tumia orodha" haumwelezi msomaji sababu. Afadhali useme "tenga amri na yambwa zake".

Alama kama -r, zinazoonyesha namna ya kutenda, tungeziita vielezi. Faili ambalo jina lake laanza kwa kistari laweza kudhaniwa kielezi hata likiwa ndani ya orodha, na jambo hilo mwongozo hauna budi kulitaja.