Ringi Mpya au za Zamani?

Injini ya kinu chetu cha posho hapa Mengo ilianza kutoa moshi wa buluu na kula oili. Tulichanga senti zetu, tukaifungua. Wengine tulitaka ringi za zamani zirudishwe, tuokoe fedha. Fundi aliisukuma ringi moja hadi chini ya silinda pasipolika, akapima mwanya wa ncha zake. Kwa silinda ya milimita 100, mwanya wa ringi mpya ni karibu milimita 0.4, wetu ulizidi 1. Silinda ilikuwa bado duara, basi tukanunua ringi mpya. Ingekuwa imelika kama yai, ringi peke yake zingekuwa fedha za kutupa. Tupime kwanza, ndipo tuamue. Kufungua injini mara mbili ni hasara yetu sote.