Kununua Mustang ya zamani ni siku moja, kuilisha ni kila siku

UKITAZAMA Dodge Charger nyeusi ya 1970 ikiinua magurudumu ya mbele katika filamu ya The Fast and the Furious, ni rahisi kuapa kwamba siku utakayoshika pesa, gari la kwanza litakuwa kama lile.

Wapo Wakenya walio Marekani ambao wakishazoea zamu za usiku na kuanza kuweka akiba, jicho huanza kutembea kwenye matangazo ya mauzo. Mustang. Camaro. Charger. Mlio wa silinda nane unaomfanya jirani afungue dirisha.

Lakini kuna swali ambalo sinema haliulizi. Nani analipia mafuta?

Tuanze na historia kidogo. Magari haya yalipata umaarufu mwaka wa 1964 Pontiac ilipoweka injini ya lita 6.4 kwenye gari la ukubwa wa kati na kuliita GTO. Mwaka huohuo, Aprili 17, Ford ilizindua Mustang jijini New York kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Kufikia 1970, Chevrolet ilikuwa ikiuza Chevelle yenye injini ya lita 7.4 na nguvu za farasi 450.

Wateja waliolengwa walikuwa vijana kama wewe, na petroli ilikuwa ya bei ya chini. Kisha bima ya madereva vijana ikapanda, sheria za moshi zikakazwa, na mwaka wa 1973 mataifa ya Kiarabu yakaiwekea Marekani vikwazo vya mafuta. Sherehe ikaisha.

Sasa shika kalamu. Gari la aina hii lenye injini kubwa huenda takriban kilomita nne kwa lita moja mjini, na likikanyagwa sana huenda chini ya hapo. Tuseme ungelitoa Nairobi hadi Nakuru, karibu kilomita 160. Hizo ni lita 40. Lita ikiwa Sh180, umechoma Sh7,200 kabla hujanunua hata soda pale njiani. Vitz ingekufikisha kwa lita 10 hivi, yaani Sh1,800.

Na si kujaza tu. Injini hizi ziliundwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku kwa magari ya barabarani mwaka wa 1996. Petroli ya huko siku hizi huchanganywa na ethanoli, ambayo hula mipira ya zamani ya kupitishia mafuta na kuchafua kabureta gari likikaa muda bila kuwashwa. Mipira hiyo lazima ibadilishwe. Ukipuuza, petroli itavuja juu ya injini moto, na unajua kinachofuata.

Oili nayo ina masharti. Nyingi ya injini hizi zinahitaji yenye zinki ya kutosha, la sivyo kemshafti inasagika polepole bila wewe kujua. Plagi ni nane, si nne. Kabureta inahitaji kurekebishwa kila mara, na mafundi wanaoijua vizuri wanazidi kuzeeka. Tairi hata zisipoisha meno, mpira huzeeka na kupasuka.

Kuna habari njema lakini. Bima ya magari ya kale huko Marekani mara nyingi ni nafuu kuliko ya gari la kawaida. Wewe na kampuni mnakubaliana thamani ya gari mapema, nalo likiharibika kabisa unalipwa kiasi hicho. Sharti ni kwamba usilitumie kuendea kazi kila siku, lilale ndani ya gareji, na uwe na gari lingine la shughuli. Kwa kijana anayeishi kwenye apatimenti, hapo kuna bili mbili mpya: gari la pili na kodi ya gareji.

Spea pia si shida. Kuna viwanda vinavyotengeneza hadi bodi nzima mpya ya Mustang ya 1967. Kinachouma ni saa za fundi, na kinachokula saa hizo ni kutu. Kwenye majimbo ya baridi kama Minnesota, barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hutafuna chuma kutoka chini kwenda juu. Gari linaweza kung'aa kwenye picha ilhali sakafu imeoza.

Ndiyo maana wajuzi huenda kukagua wakiwa na sumaku ndogo mfukoni. Isiposhika kwenye mlango wa chuma, ujue umeuziwa puti na rangi. Ni afadhali kulipa zaidi kwa gari lililokwisha kukarabatiwa kuliko kununua mkweche wa bei ya kutupa. Wengi wanaojaribu kuufufua hutumia pesa ambazo hawatazirudisha hata wakiuza.

Na je, unaweza kulileta nyumbani? Usidanganywe na broka yeyote. Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililotumika kwa zaidi ya miaka minane, na usukani wa kushoto ni kikwazo kingine. Ford yenyewe ilianza kutengeneza Mustang za usukani wa kulia kiwandani mwaka wa 2015 tu. Ya 1967 itabaki ng'ambo.

Basi usiote? Ota, lakini kwa hesabu. Gari la kale likitunzwa vizuri linaweza kushikilia bei yake, tofauti na gari jipya linaloanza kupoteza thamani siku linapotoka dukani. Ila kabla ya kulipa, tenga kando pesa za mwaka mzima: mafuta, bima, gareji, tairi na fundi. Kisha jiulize kama bado utaweza kulipa kodi ya nyumba na kumtumia mama kitu mwisho wa mwezi.

Jibu likiwa ndiyo, washa injini, majirani wajue umefika. Likiwa la, filamu bado ipo, na kuitazama hakuhitaji petroli.