Kodi Yako Inafanya Kazi Gani?

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika nchi yetu mwaka 1901. Kila kibanda kilihesabiwa, na mtu mwenye wake watatu alilipa mara tatu. Hakuna aliyemwuliza kama mtama umestawi au ng'ombe wamekufa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kodi hiyo ilipanda hata ikafika shilingi 16, na wakati uleule walowezi walikuwa wamepunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi moja.

Watu wa Nyanza hawakukataa kulipa. Walitaka kujua wanalipia nini. Mwezi Desemba 1921 walikusanyika Lundha, katika Gem, wakaanzisha chama chao chini ya Bwana Jonathan Okwiri. Mkutano ule wengi waliuita Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Waliomba kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, na Serikali ijenge shule kwao. Julai 1922 Gavana Sir Edward Northey alikuja mwenyewe Nyahera, karibu na Kisumu, kuwasikiliza. Mwaka huo kodi ilishuka kutoka shilingi 16 hadi 12. Kipande kilibaki.

Tangu siku zile mambo mengi yamebadilika. Tarehe 1 Januari 1970 Serikali Kuu ilizichukua shule za msingi, zahanati na barabara kutoka kwa halmashauri za wilaya, na mwananchi aliyetaka kuuliza habari za daraja lililovunjika akawa hana budi kutazama Nairobi. Katiba ya 2010 ilirudisha sehemu ya kazi hizo karibu naye. Tangu 2013 zahanati, bwana shamba, daktari wa mifugo, masoko na barabara ndogo ni kazi ya kaunti. Shule za msingi na walimu wake wamebaki kwa Serikali Kuu.

Katiba hiyo inasema, katika kifungu cha 201, kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Tena inaamuru kaunti zote zipewe jumla ya si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Fedha hizo hutokana na kodi mbalimbali, hata ile ya asilimia 16 iliyo ndani ya bei ya sabuni unayonunua dukani.

Lakini haki bado haijakamilika. Ada ya soko ikiwa ni moja kwa wote, mama mwenye ndoo moja ya omena anabeba mzigo mkubwa kuliko mwenye duka, kama vile kibanda cha maskini kilivyolipa sawa na cha tajiri. Na mwenye ng'ombe anayelipa ada mnadani ana haki ya kuuliza kwa nini josho halina dawa. Dawa hainunuliwi kwa maneno; inataka fedha zilizoandikwa katika makadirio.

Basi angalia kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya kaunti hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kaunti hutakiwa kuwaita wananchi watoe maoni. Nenda na majirani, mkitaja josho lenu kwa jina na mahali lilipo. Mtu akija mwezi Agosti, hesabu zimekwisha fungwa.