Nani Atakupokea Ukirudi?

Msimu wa kuomba vyuo ukikaribia, vijana wa makanisani huniuliza waombe chuo gani cha Biblia ng'ambo. Wengi wameshachagua nchi, mara nyingi Marekani, kabla hawajachagua kazi. Ushauri wangu ni kuanzia mwisho: utarudi kufanya nini, na nani anakusubiri? Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wito haupungui kwa kuulizwa swali hilo, hupata njia.

Anayetaka uchungaji aanze na kanisa lake. Makanisa mengi yana utaratibu: unapendekezwa na usharika, unasailiwa, ndipo unapelekwa chuoni. Ukijipeleka mwenyewe miaka minne, unaweza kurudi na shahada nzuri ukakuta hakuna aliyekupangia nafasi. Zungumza na mchungaji wako mapema. Isitoshe, vyuo vingi vitadai barua yake.

Kisha chunguza ithibati. Kuna shule za Biblia za miezi michache zinazolea imani bila kutoa shahada, na kuna vyuo vikuu kamili. Zote zina faida, mradi ujue unaingia wapi. Marekani, baadhi ya majimbo, Florida mojawapo, huruhusu vyuo vya dini kutoa shahada za kidini bila leseni ya jimbo. Chuo cha namna hiyo hakivunji sheria, lakini shahada yake inaweza kukwama utakapoomba itambuliwe na tume za vyuo vikuu za nyumbani, TCU Tanzania au CUE Kenya. Vyombo viwili vya ithibati vinavyoheshimika huko ni ATS, kwa shule za teolojia za ngazi ya juu, na ABHE, kwa vyuo vya Biblia. Litafute jina la chuo katika orodha ya chombo chenyewe; nembo iliyobandikwa kwenye tangazo haitoshi.

Fedha ndizo huwakwamisha wengi. Barua ya kukubaliwa si viza. Chuo cha Marekani hutoa fomu ya I-20, inayohitajika kuombea viza, baada ya kuona uthibitisho kwamba unazo fedha za mwaka wa kwanza, ada na matumizi pamoja. Unalipia SEVIS, mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, halafu unakwenda kwenye usaili ubalozini, ambako ni juu yako kumridhisha afisa kwamba masomo yakiisha utaondoka. Hapo ndipo kanisa linalokusubiri nyumbani linapokuwa na uzito. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo mwaka wa kwanza, na ndani ya chuo mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kwa hiyo mpango wa kujilipia ada ukifika huko hautegemeki, na aliyeutegemea anaweza kuacha masomo njiani.

Tena, ng'ambo si lazima iwe ya kuvuka bahari. Mwanateolojia Byang Kato wa Nigeria alisoma London na Dallas, akarudi kuwatumikia Waafrika, na akapigania teolojia ya ngazi ya juu ifundishwe hapa barani. Alifariki Mombasa mwaka 1975. Shule ya namna aliyoitamani ilifunguliwa Nairobi mwaka 1983, na leo ni Africa International University. Chuo Kikuu cha St Paul's, Limuru, kina mizizi yake Freretown, Mombasa, tangu 1903. Mtanzania anayesoma huko yuko nje ya nchi, lakini anajadili ndoa, mahari, uponyaji na umaskini na wenzake watakaokutana na mambo hayohayo madhabahuni.

Safari ya mbali ina haki yake pale somo lenyewe linapoidai, kwa mfano uzamivu unaohitaji hati za kale zilizohifadhiwa Ulaya. Mtu wa namna hiyo huwa ameshatumika, na kanisa linajua kwa nini linamtuma.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, andika ukurasa mmoja: kazi utakayorudi kuifanya, watakaokupokea, cheti wanachokitambua, na nani atalipa kila mwaka hadi wa mwisho. Mpe mchungaji wako na wazazi wausome. Ukurasa ukiwa na pengo, lizibe mwaka huu. Maombi ya chuo yasubiri mwaka ujao.