Choo Kisichonyamaza: Tazama Kwanza, Ununue Baadaye



Tumeulizwa swali na mwenzetu wa Pemba ambaye mwanawe anafanya kazi Nkende, Tarime, katika mkoa wa Mara. Choo cha kuvuta maji katika nyumba ya kijana huyo hakinyamazi mchana wala usiku, naye ameambiwa anunue tangi jipya la choo. Mzazi anauliza, je, ni lazima? Twajibu hapa kwa faida ya wote, maana choo cha Nkende na cha Wete hufanya kazi kwa namna moja, na ugonjwa huu aghalabu una sababu mbili tu. Mara nyingi tangi lenyewe halina kosa.

Kwanza tupige hesabu ya hasara. Tuseme maji yanayopotea yangejaza kikombe cha robo lita kwa dakika moja. Kwa saa ni lita 15; kwa siku ni lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20; kwa mwezi wa siku 30 ni lita 10,800. Mwenye mita atayalipia. Mwenye tangi la lita 1,000 juu ya nyumba atalikuta tupu kabla ya siku ya tatu kwisha. Tena maji hayo yote huingia karoni, likajaa kabla ya wakati wake. Nyumba iliyopokea wachumaji wakati wa msimu wa karafuu haiwezi kustahimili hayo. Na wenzetu wa Unguja hawajasahau jinsi maji yalivyokuwa adimu umeme ulipokatika kuanzia Desemba 2009 hata Machi 2010.

Sasa funua kifuniko cha tangi utazame ndani. Utaona boya, ambalo hupanda pamoja na maji na kufunga koki ya kuingizia maji tangi likijaa. Utaona mpira unaoziba tundu la chini, ambao huinuka unapovuta maji. Na katikati utaona bomba fupi lililosimama, la kupitishia maji yakizidi.

Ikiwa maji yanamwagika ndani ya bomba hilo fupi, kosa liko juu, kwenye boya au koki yake. Liinue boya kwa mkono. Maji yakikoma, koki ni nzima, ila boya limekaa juu mno: pinda kidogo mkono wake kuelekea chini, au zungusha skrubu yake, hata maji yasimame kiasi cha upana wa kidole gumba chini ya mdomo wa bomba. Boya likiwa limeingia maji ndani, libadilishe. Yasipokoma hata ukiliinua boya, funga maji ya kuingia, fungua koki, usafishe mchanga na chokaa, na utie mpira mpya mdogo. Visiwani kwetu, penye maji ya mawe ya chokaa, siki husaidia kulainisha ukoko huo.

Ikiwa maji hayafiki kwenye mdomo wa bomba, na bado yanavuja, kosa liko chini. Kuhakikisha, tia bluu ya kufulia kidogo ndani ya tangi, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana katika bakuli la choo, mpira wa chini hauzibi. Funga maji, vuta yaliyomo yaishe, kisha tazama mnyororo: ukikaza mno huuinua mpira; ukilegea mno hunasa chini yake. Pangusa mpira na mdomo wa tundu. Mpira uliokauka au kupinda hautengenezeki. Uchukue mkononi mpaka dukani upate wa kadiri ile ile. Katika vyoo vya kubonyeza, chombo cha katikati huzungushwa kidogo kikatoka, na mpira wake wa mviringo uko chini.

Choo cha zamani chenye tangi la juu na mnyororo wa kuvutia huwa na bomba la ziada linalotoka nje ya ukuta. Likidondoka maji, anza na boya.

Basi jibu letu kwa mzazi ni hili: mwanao asinunue tangi mpaka ajue kosa liko juu au chini. Tangi likiwa limepasuka, hapo ndipo hana budi. Vinginevyo mpira mmoja waweza kutosha. Twajua sote kuwa haba na haba hujaza kibaba. Basi na tukumbuke kuwa haba na haba pia humaliza tangi.