Je, Wajua? Kuna Upepo Usiohitaji Feni

Weka waya mwembamba mbele ya bati lililounganishwa na ardhi, kisha uupe volti elfu kadhaa. Hewa inayouzunguka hupata chaji, hukimbilia bati na kuisukuma hewa nyingine njiani. Francis Hauksbee wa Uingereza aliandika habari za upepo huu mwaka 1709. Ukielekezwa kwenye kifaa chenye joto kali, hulivuruga lile tabaka la hewa vuguvugu lililokishika, na joto huondoka upesi.

Kupoza vifaa kwa hewa hutegemea pia mwinuko. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi isikudanganye: hewa ya huko, kama ya Iringa, ni nyepesi, hivyo hubeba joto kidogo kuliko ya Dar es Salaam. Ndiyo maana hesabu za upoozaji hurekebishwa transfoma zikifungwa juu ya mita 1,000. Ajabu ni kwamba hewa hiyohiyo huhitaji volti pungufu kuanza kuchajika. Kwenye laini ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, kuchajika huko ni hasara tupu. Ndiko hutoa ule mvumo unaosikika chini ya nyaya, hasa siku ya ukungu.

Feni hazijastaafu, lakini. Upepo wa umeme huzalisha ozoni, na waya wake hushika vumbi.