Afisa akianika kitambulisho chako mtandaoni, sheria inasemaje?

1/ Huu mjadala haukosi. Mwananchi anakosana na ofisi, kisha picha ya kitambulisho chake na namba ya simu zinazunguka mtandaoni. Wengine wanashangilia: "Aanikwe!" Ngoja kwanza.

2/ Tuseme mama anavusha mahindi Busia. Pale mpakani anatoa kitambulisho, namba ya simu na hesabu ya mzigo. Hana hiari, asipotoa havuki. Anabishana na afisa kuhusu ushuru. Jioni kitambulisho chake kiko kwenye grupu ya WhatsApp, na maandishi: "Mtu wa magendo huyu." Matapeli nao wamo humo humo.

3/ Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Habari zake za kibinafsi zisifichuliwe bila sababu.

4/ Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ndiyo yenye meno. Data iliyochukuliwa kwa kazi ya forodha haiwezi kugeuzwa fimbo ya kuaibisha mtu. Kufichua hivyo ni kosa chini ya kifungu cha 72. Adhabu: faini isiyozidi shilingi milioni 3, jela isiyozidi miaka 10, au zote mbili. Na inabana ofisi za serikali pia, si kampuni za mikopo ya simu tu.

5/ "Si hii itaficha wezi?" Swali zuri. Zabuni na matumizi ya pesa za umma unaweza kuyaulizia kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Hayo ni ya umma. Kitambulisho cha mama si cha umma. Kama kweli ni magendo, korti ipo.

6/ Yakikupata: piga picha ya ile posti kabla haijafutwa, ionyeshe tarehe na aliyeiweka. Peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 kuchunguza na kumaliza. Ukiumia, unaweza kudai fidia.

7/ Watu wa Malaba, angalieni: aliyefichua akiwa afisa wa Uganda, wao wana sheria yao ya data, pia ya 2019. Lalamika huko.

8/ Na wewe uliyetumiwa hiyo picha, usiipitishe. Mwanasiasa akijigamba jukwaani kwamba "atawaanika" watu, muulize: hiyo data ulipewa ya kazi gani?